Bamba la Deraya Lililoandikwa Kwenye Mchoro Halipatikani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mafundi, wahandisi na maofisa ununuzi walioshika mchoro unaotaka bamba fulani la deraya, yaani la kukinga risasi, huku kila muuzaji akiwajibu kuwa halipo, au litapatikana baada ya miezi mingi. Nyuma ya bamba hilo atakaa mtu. Kwa sababu hiyo baadhi ya majibu hapa ni makali, na hatujayalainisha.

## Misingi

1. Chuma cha deraya kina tofauti gani na chuma kingine kigumu?

Ukitazama kemia peke yake, tofauti si kubwa. Ni chuma chenye kaboni ya wastani, kilichoongezwa manganizi, kromiamu, nikeli, molibdenamu na mara nyingi boroni kidogo sana. Kiwandani hupashwa moto hadi kiwe chekundu, hupozwa ghafla kwa maji, kisha hupashwa tena kwa joto la chini ili kisivunjike kama kigae.

Kinachokitenga na vyuma vingine ni ahadi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni ugumu, yaani kukataa kubonyezwa. Ya pili ni ushupavu, yaani kupokea pigo bila kupasuka. Sifa hizi huvutana: ukiongeza moja, nyingine huelekea kupungua. Kiwanda cha deraya hulipwa kwa kuzishika zote mbili kwa wakati mmoja, kuzithibitisha kwa kila kundi la mabamba, na kupiga risasi sampuli za kundi hilo kabla halijatoka.

2. Namba na herufi zilizo kwenye mchoro zinaniambia nini?

Tenganisha kwanza aina mbili za viwango, maana watu wengi huzichanganya.

Aina ya kwanza hueleza bamba lenyewe. MIL-DTL-46100 ya Marekani, kwa mfano, inataka ugumu wa Brinell (kipimo ambacho namba ikiwa kubwa, chuma ni kigumu zaidi) kati ya 477 na 534. MIL-DTL-12560 ni ya deraya ya kawaida iliyoviringishwa, na ugumu wake hutegemea unene, kuanzia takriban 240 kwa mabamba manene hadi karibu 390 kwa membamba. MIL-DTL-32332 ni ya mabamba magumu kupindukia, kuanzia 570 kwenda juu.

Aina ya pili hueleza tishio: risasi gani, kwa kasi gani, kutoka pembe gani. Hapo ndipo zilipo STANAG 4569 ya NATO kwa magari ya kijeshi na EN 1522 kwa milango na madirisha. Viwango hivi havijali bamba limetengenezwa kwa nini, mradi lizuie.

Mchoro ukitaja aina ya pili peke yake, una uhuru mkubwa wa kuchagua. Ukitaja ya kwanza, mbadala wowote unahitaji idhini (tazama swali la 15).

3. Kabla sijaanza kutafuta mbadala, nianzie wapi?

Andika kazi ya bamba hilo. Linazuia nini? Limesimama wima au limelala? Linabeba uzito wa gari, au limefungwa kwa boliti juu ya mwili unaojitegemea? Linachomelewa? Litatumika kwenye baridi kali? Uzito wa mwisho unaoruhusiwa ni kilo ngapi?

Pembe husahauliwa kuliko vyote. Bamba la milimita 10 lililolazwa digrii 60 kutoka wima linailazimisha risasi inayokuja mlalo kupita milimita 20 za chuma. Mbadala uliofaa kwenye ubavu uliolala hivyo unaweza kushindwa kabisa kwenye mlango uliosimama wima, hata kama mabamba yote mawili yametoka kwenye kipande kimoja.

Nimeona timu zikihangaika wiki nzima kutafuta bamba adimu kwa ajili ya sehemu ambayo mchoro wa zamani uliitaja kuwa deraya kwa mazoea tu, ilhali ilikuwa kishikio cha tangi la maji. Uliza kwanza.

## Chuma kwa chuma

4. Naweza kubadilisha chapa moja ya deraya kwa chapa nyingine ya daraja lilelile?

Huu ndio mbadala salama kuliko yote, na ndio wa kwanza kutafuta. Viwanda kadhaa duniani hutengeneza mabamba ya deraya ya karibu Brinell 500, na mengi yamejaribiwa kwa zaidi ya kiwango kimoja cha kitaifa. Armox 500T ya SSAB ya Sweden, kwa mfano, ina ugumu wa 480 hadi 540.

Angalia mambo matatu. Kwanza, mipaka ya ugumu haifanani kabisa: bamba la 540 ni halali kwa karatasi ya kiwanda lakini limevuka ukomo wa MIL-DTL-46100. Pili, kila kiwanda kina uvumilivu wake wa unene, na bamba la milimita 6.5 linaweza kufika likiwa chini kidogo ya hapo. Tatu, kemia ikitofautiana, utaratibu wa kuchomelea nao hubadilika (tazama swali la 13).

5. Bamba la kuzuia mikwaruzo, kama Hardox 500 au AR500, lina ugumu uleule. Kwa nini mnalikataa?

Hili huulizwa kuliko yote, na hoja ya muulizaji ina nguvu: bei yake ni nafuu, lipo ghalani, na kipimo cha Brinell kinasoma 500 kama deraya. Linastahili jibu refu.

Bamba la mikwaruzo limetengenezwa kwa ajili ya tingatinga, mashine za kusagia mawe na vitanda vya malori ya migodini. Huko adui ni mchanga unaokwangua polepole kwa miaka. Mnunuzi wake anataka ugumu, na kiwanda kinaahidi ugumu. Ushupavu mara nyingi hutajwa kama thamani ya kawaida, si kima cha chini kinachodhaminiwa, na hakuna sampuli ya kundi hilo iliyopigwa risasi. AR500 yenyewe si kiwango kimoja chenye mwenyewe. Ni jina la biashara lililoenea, na viwanda viwili vinaweza kuliuza kwa kemia tofauti kabisa.

Kwa hiyo bamba moja la AR500 linaweza kuzuia risasi vizuri sana, na jingine kutoka myeyuko mwingine (chuma kilichoyeyushwa kwa mara nyingine kiwandani) likapasuka au likatoa kizibo: risasi haipiti, lakini kidonge cha chuma chenye upana wa risasi kinang'oka upande wa ndani na kuruka kuelekea kwa abiria. Kwa nje huwezi kuyatofautisha. Tatizo si kwamba bamba la mikwaruzo ni baya. Tatizo ni kwamba hujui umepata lipi kati ya hayo mawili. SSAB hutengeneza Hardox na Armox katika kampuni moja na huziuza kwa kazi tofauti. Kama Hardox ingetosha kwa deraya, wao wangekuwa wa kwanza kuokoa gharama ya kuwa na bidhaa mbili.

Kuna njia moja halali. Unanunua mabamba ya myeyuko mmoja unaojulikana, unakata sampuli, unazipeleka maabara ya risasi inayotambulika, na mwenye mchoro anakubali matokeo kwa maandishi kwa myeyuko huo tu. Ukinunua shehena nyingine, unaanza upya. Kwa kazi ndogo, gharama hiyo kwa kawaida hula nafuu yote uliyodhani umeipata.

6. Daraja ni sahihi lakini unene ulioandikwa haupo. Nichukue nene zaidi, au niweke mawili membamba?

Nene zaidi kwa kawaida linakubalika upande wa kinga, mradi daraja halibadiliki. Ila soma kiwango: kwa MIL-DTL-12560, bamba nene lina ugumu mdogo, hivyo kuhama safu ya unene ni kuhama pia sifa. Kisha fanya hesabu ya uzito. Kila milimita moja ya chuma ina kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Kutoka milimita 6.5 hadi 8, kwa gari lenye mita 10 za mraba za deraya, ni kama kilo 118 za ziada, na bawaba za milango, springi na breki zitazihisi zote.

Mawili membamba yaliyobanana si sawa na moja lenye jumla ya unene wao. Mara nyingi huzuia chini ya ulivyotarajia kwenye pigo kali, kwa sababu kila moja hupinda peke yake. Yakiachwa na nafasi kati yake, mambo hubadilika: la mbele huivunja au kuipindua risasi kabla haijafika la pili. Lakini huo ni muundo mpya wenye majaribio yake, wala usihesabiwe kama kubadilisha unene.

7. Na chuma laini cha kawaida, kikiwa kinene vya kutosha?

Chuma cha ujenzi kina ugumu wa karibu Brinell 120 hadi 160. Kitazuia risasi kikiwa kinene mno, na hakipasuki kama kigae, jambo ambalo ni sifa nzuri kweli. Lakini hakiwezi kuivunja risasi yenye kiini kigumu. Risasi hiyo inachimba tu hadi ichoke.

Kwa kizuizi kisichotembea, kama ukuta wa uwanja wa shabaha, uzito si hoja na njia hii inawezekana baada ya kujaribiwa. Kwa gari, sahau.

8. Lililopo ni la Brinell 600 badala ya 500. Kigumu zaidi si bora zaidi?

Kwa baadhi ya risasi za kutoboa deraya, ndiyo, ndiyo maana mabamba hayo yapo. Lakini la 600 ni jepesi kupasuka, hasa likipigwa mara nyingi karibu karibu au kwa mlipuko chini ya gari. Mengi hufungwa kwa boliti kama tabaka la nje juu ya chuma kingine, wala hayabebi mwili wa gari. Kulichomelea kama lile la 500 ni kuomba ufa. Kwa sakafu inayopaswa kukabili mabomu ya ardhini, kwenda juu kwa ugumu ni kwenda upande usiofaa: hapo unahitaji chuma kinachopinda.

9. Naweza kununua chuma cha aloi kama 4130 au 4140 nikakipasha na kukipoza mwenyewe?

Chuma chenyewe kinaweza kufika ugumu huo. Karakana ndiyo isiyoweza. Bamba la mita mbili likipozwa kwenye pipa hupinda kama chapati na hugumu madoa madoa: pembeni 500, katikati 350. Tena kuna mtego kwenye kupasha mara ya pili. Takriban kati ya nyuzi 260 na 370 za Selsiasi, vyuma hivi huangukia kwenye ukanda ambamo ushupavu hushuka badala ya kupanda, na asiye na tanuru yenye kipimo sahihi hawezi kujua kama amepita hapo.

Chuma laini cha ujenzi hata usijaribu. Hakina kaboni ya kutosha.

10. Vipi springi za lori, reli za zamani, au chuma cha manganizi kutoka mashine za kusagia mawe?

Springi na reli: hapana. Hazina umbo la bamba, historia yake haijulikani, na zimebeba uchovu wa miaka mingi.

Chuma cha manganizi kina historia ya heshima. Robert Hadfield alikigundua Uingereza mwaka 1882, kikiwa na manganizi karibu asilimia 12, na ndicho kilichotumika kutengeneza kofia za chuma za askari wa Uingereza kuanzia 1915. Hujigumisha kinapopigwa. Lakini kabla ya pigo ni laini, karibu Brinell 200, na joto la kuchomelea likizidi hukifanya kivunjike. Kofia ilikuwa ya kuzuia vipande vya mizinga vinavyoanguka kutoka juu, si risasi ya bunduki ya leo.

11. Je, kuna nchi au jeshi lililowahi kubadilisha chuma cha deraya kwa lazima?

Ndiyo, na funzo lake liko pande mbili. Katika Vita Kuu ya Pili, nikeli, kromiamu na molibdenamu zilikuwa haba. Marekani ilianzisha mwaka 1942 vyuma vya dharura vilivyotumia kidogo kidogo ya kila kimoja badala ya kingi cha kimoja. Vilipimwa kwanza, vikaandikiwa viwango, na baadhi, kama 8620, vinatumika hadi leo kwenye gia. Ujerumani nayo ilipungukiwa na molibdenamu, na mgodi wa Knaben nchini Norwe uliokuwa ukiitoa ulishambuliwa kwa ndege mwaka 1943. Baadhi ya mabamba ya vifaru vyake vya mwisho yaliyochunguzwa na Washirika yalipatikana yakipasuka mahali ambapo yangepaswa kubonyea tu.

## Nje ya chuma

12. Naweza kuacha chuma kabisa, nikatumia alumini, kauri au titani?

Unaweza, lakini hapo hubadilishi bamba. Unabuni kitu upya.

Alumini ndiyo yenye rekodi ndefu. Gari la kubebea askari la M113 la Marekani lilibuniwa kwa matoleo mawili ya majaribio, T117 la chuma na T113 la alumini, na la alumini likashinda. Aloi yake, 5083, ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma, hivyo kwa uzito uleule unapata bamba nene karibu mara tatu. Faida iko kwenye unene huo: mwili unakuwa mgumu kupinda bila fremu nyingi za ndani. Dhidi ya vipande vya mizinga inafanya vizuri. Kwa nafasi finyu, kama mlango wa gari la kawaida, unene huohuo unakuwa kikwazo. Na nguvu ya 5083 ya deraya inatokana na kuviringishwa baridi, kwa hiyo kuchomelea kunailainisha pembeni mwa mshono.

Kauri, kama alumina au kabidi ya boroni, huvunja kiini cha risasi vizuri sana kwa uzito mdogo. Haifanyi kazi peke yake: inahitaji mgongo wa alumini, aramidi au polithini yenye nyuzi kali, na kigae kilichopigwa kimeshavunjika. Titani ni nzuri na nyepesi, ila hulehemewa chini ya kinga kamili ya gesi ya argoni. Karakana nyingi za chuma hazina maandalizi hayo.

## Karakana

13. Mbadala umeidhinishwa. Nichomelee kama nilivyozoea?

Usichomelee hadi uwe na utaratibu ulioandikwa kwa bamba hilohilo. Kokotoa kaboni sawia (namba inayoonyesha jinsi chuma kinavyoelekea kupasuka kikichomelewa) kutoka kwenye cheti: kaboni, jumlisha manganizi kugawa 6, jumlisha kromiamu na molibdenamu na vanadiamu kugawa 5, jumlisha nikeli na shaba kugawa 15. Ikiwa kubwa kuliko ya bamba la awali, joto la kutanguliza, yaani la kupasha bamba kabla ya kuchomelea, huenda likahitaji kupanda.

Hapo unakutana na ukuta wa pili. Mabamba ya Brinell 500 yalipashwa mara ya mwisho kwa joto la chini. Ukiyapeleka juu ya takriban nyuzi 200, yanaanza kulainika. Fundi anafanya kazi katika dirisha jembamba: joto la kutosha kufukuza unyevu na haidrojeni, si la kuua ugumu.

Haidrojeni ndiyo adui asiyeonekana. Niliwahi kuukagua mlango uliochomelewa vizuri jioni, mshono safi kabisa, na asubuhi ukawa na ufa wa urefu wa kiganja pembeni mwake. Tumia elektrodi zenye haidrojeni ndogo zilizokaushwa kwenye tanuru, au za chuma cha pua kama 307, ambazo mshono wake ni laini na husamehe. Kagua tena baada ya saa 48, si siku hiyohiyo. Na kwa kuwa ukanda ulio kando ya mshono huwa laini daima, weka kipande cha deraya nyuma yake kinachoufunika pande zote mbili.

14. Kukata, kutoboa na kupinda?

Maji yenye shinikizo ndiyo bora, hayaachi joto. Plazima inafuata, gesi ni ya mwisho. Zote mbili huacha ukingo uliolainika, uuondoe kwa grenda. Mashimo yatobolewe kwa drili ya kobalti au kabidi kwa mwendo wa polepole. Kupinda kufuate kipenyo alichotoa mtengenezaji wa bamba jipya, wala usitumie cha lile la zamani. Kamwe usipashe moto ili lipinde kwa urahisi. Bamba litapinda, na litakuwa si deraya tena.

## Idhini, vyeti na majaribio

15. Nani mwenye mamlaka ya kukubali mbadala?

Mwenye mchoro au mwenye kiwango cha kinga ya bidhaa. Si fundi mkuu, si ofisa ununuzi, si muuzaji anayesema wateja wengine wanalitumia. Ombi liwe la maandishi, litaje bamba la awali, bamba pendekezwa, namba ya myeyuko, sehemu zitakazohusika na ushahidi wa majaribio. Idhini ya mdomo kwa simu si idhini.

16. Cheti gani kinatosha?

Cheti cha ukaguzi cha aina ya 3.1 kwa mujibu wa EN 10204 ndicho cha chini cha kukubali. Aina ya 3.2 huthibitishwa pia na mkaguzi wa nje. Kionyeshe kemia, ugumu, kipimo cha pigo kwenye baridi na namba ya myeyuko. Namba hiyo lazima ionekane pia imegongwa au kuandikwa kwenye bamba lenyewe. Ukikata bamba, hamishia namba kwenye kila kipande kabla ya kukata, maana baada ya hapo hakuna anayekumbuka kipi kilitoka wapi.

Pima ugumu wewe mwenyewe pia. Saga kwanza tabaka la juu, kwa sababu uso wa bamba hupoteza kaboni kiwandani na kipimo juu yake husoma chini ya ukweli.

17. Naweza kulipiga risasi mwenyewe nione?

Hapana. Kuna hatari ya kurudiwa na vipande. Zaidi ya hapo, risasi moja isiyopita haijathibitisha chochote: maabara hubadilisha kasi na kupiga mara nyingi hadi ipate kasi ambayo nusu ya risasi hupita na nusu huzuiwa. Bila kipima kasi na risasi sahihi, umeona bahati tu.

## Hali za pembeni

18. Tunakarabati gari la kivita la makumbusho. Lazima iwe deraya?

Kama halitapigwa risasi na sheria haidai, chuma laini chenye unene uleule kinafaa na kinachomeleka vizuri. Liandike wazi kwenye kumbukumbu na, ikiwezekana, ndani ya mwili wa gari, ili asije mtu baadaye akadhani bado ni deraya.

19. Bamba moja tu la gari zima limeharibika. Naweza kuweka daraja tofauti hapo?

Ni hali ngumu kuliko inavyoonekana. Gari lina kinga ya sehemu yake dhaifu kuliko zote, na mshono kati ya mabamba mawili tofauti unahitaji utaratibu wake. Chapa nyingine ya daraja lilelile (swali la 4), ndiyo. Daraja la chini lenye unene zaidi, kwa idhini na majaribio tu.

20. Tunatengeneza shabaha za chuma za mazoezi. Haya yote yanatuhusu?

Machache. Kwa shabaha, bamba la mikwaruzo ndilo chaguo sahihi, si mbadala. Nyuma yake hakuna mtu. Liinamishe kidogo mbele ili vipande viende chini, na uliondoe likipata mashimo au kukunjamana.

21. Nimegundua tulishatumia bamba lisiloidhinishwa, na gari limeondoka. Nifanye nini?

Mjulishe mwenye gari leo, kwa maandishi, ukitaja namba za magari na sehemu zilizohusika. Tafuta mabaki ya bamba hilohilo karakanani, pima ugumu na kemia, na upeleke sampuli maabara. Wakati majibu yanasubiriwa, gari lisitumike mahali linapotegemewa kuzuia risasi. Ikithibitika kuwa lina kinga, idhini itaandikwa kwa magari hayo tu. Isipothibitika, mabamba yanatolewa, na mabaki yote ya shehena hiyo yapakwe rangi tofauti yasirudi tena kwenye rafu.